Bwana Pazia wa Ndege ya Jumatano

Matapishi ya mtu unayempenda yananuka kama matapishi ya mtu mwingine yeyote. Emelyne hakulijua hilo mpaka Jumatano ile, saa nne na robo asubuhi, aliponyoosha mkono wenye glavu na kupokea mfuko wa karatasi, wa moto, mzito, kutoka kwa mwanaume aliyekuwa akimwota kila usiku kwa mwaka mzima.

Lakini tusianze na mfuko. Tuanze na mtama.

Alfajiri ya siku hiyo simu iliita kwenye chumba chake cha kupanga pale Makanyagio. Alikuwa baba yake, mzee Yohani, kutoka Katumba, makazi ya zamani ya wakimbizi. Nyumbani kwao baba huitwa data, kama walivyoitana huko Burundi walikotoka wazee, na Emelyne, ingawa alizaliwa na kukulia Katavi, neno hilo hakuliacha.

"Emelyne."

"Naam, data."

"Pombe imeiva. Mama yako ameionja jana jioni, anasema leo mchana itakuwa yenyewe. Huyo mtu wako anakuja Jumamosi?"

"Anakuja. Ameniahidi."

"Jumamosi itakuwa kali, lakini itanyweka. Jumapili ni siki. Ya kwanza ilichacha, tukamwaga. Ya pili ikachacha, nikawapa nguruwe, wakalewa wakavunja uzio wa Salvatori, nikaomba radhi kijiji kizima. Hii ni ya tatu, mwanangu. Ya nne sipiki."

"Nimesikia, data."

"Mwambie nilitembea siku tatu kwenda Mishamo..."

"Data, nachelewa kazini," Emelyne alimkatisha, akicheka. Hadithi ya Mishamo aliijua mwanzo wake kama sala ya Baba Yetu. Mwisho wake hakuwahi kuusubiri.

Suala la pombe lilianza Desemba, Ezekia, mchumba wa Emelyne, alipokwenda kujitambulisha. Kwa watu wa Katumba jambo hilo halina maneno mengi. Chungu cha pombe ya mtama huwekwa katikati. Baba wa binti huinama, hunyonya kwa mrija, kisha huutoa mdomoni na kumpa mkwe. Mkwe naye hunyonya kwa mrija huohuo. Akishanyonya, amekuwa mtoto wa nyumba, na habari ya mahari inaweza kuanza. Asiponyonya, ni mgeni, hata kama ameleta zizi zima.

Ezekia alipopewa mrija ule aliutazama kama amepewa mjusi. Akatoa leso mfukoni. Akaufuta ncha, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, wazee wote wakimwangalia. Halafu akauweka chini na kusema yuko kwenye dozi ya malaria.

Mzee Yohani hakugomba. Alisema tu, "Dozi huisha. Ukimaliza, njoo unywe na mimi. Siku hiyo binti ni wako. Kabla ya hapo ni wangu."

Hiyo ilikuwa Desemba. Sasa ilikuwa Aprili. Dozi gani ya miezi minne?

Emelyne hakujiuliza swali hilo, maana alikuwa anapenda, na mtu anayependa hujibu maswali kabla hayajaulizwa. Ezekia alikuwa mtoto wa wafugaji wa Kisukuma wa huko Majimoto, mrefu, mwenye mwanya na sauti ya pole pole. Alikuwa akifanya kazi Tabora, kwenye kampuni ya kuuza dawa za mifugo. Walikutana sokoni Kashaulili siku ya mvua, ndala ya Emelyne ilipozama kwenye tope jeusi lililochanganyika na maji ya samaki. Ezekia aliinama, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akaitoa. Kisha akaisuuza kwenye dimbwi na kumvisha mguuni, akimtazama machoni bila kusema neno. Mwanamke gani angesahau mtazamo ule? Emelyne alikuwa akiukumbuka hata akideki choo.

Na kila alipomuuliza kwenye simu atakuja lini, jibu lilikuwa moja.

"Tabora ni mbali, mpenzi. Treni masaa kumi na mbili, na ikikwama Kaliua unalala humo humo. Kwenda na kurudi siku mbili zimekufa. Bosi hawezi kunielewa."

"Si upande ndege? Hapa naona kila wiki. Dakika arobaini na tano tu."

"Ndege ni ya watu wenye nafasi zao. Halafu nyie watu wa Katumba mnaiona ikitua tu, mnadhani ni bodaboda. Ungepanda wewe ungetapika mpaka utumbo."

Wakacheka wote wawili. Aliamini. Umbali ule ulikuwa umemnyang'anya mchumba wake, na yeye aliuchukia umbali, hakumchukia mtu.

*

Kazi ya Emelyne ilikuwa usafi uwanja wa ndege wa Mpanda. Sehemu yake ilikuwa ukumbi wa abiria na vyoo. Kuingia ndani ya ndege kufagia na kukusanya takataka ilikuwa kazi ya Lusia na Josefina. Lakini Jumatano hiyo Josefina alikuwa msibani, kwa hiyo Emelyne akapewa kizibao cha kung'aa na jozi ya glavu.

Lusia alikuwa Mkonongo wa makamo, mnene, mwenye mdomo usio na mlango. Walisimama kivulini kusubiri, macho yao kwenye mawingu mazito upande wa Tabora.

"Leo utamwona Bwana Pazia," Lusia alisema.

"Nani huyo?"

"Hujawahi kunisikia nikimsema? Ndege hii ya Jumatano si inatoka Dar, inatua Tabora, inakuja hapa, halafu inarudi Dar? Basi wale waliopandia Tabora kwenda Dar wanabaki kwenye viti vyao hapa kwetu, kama nusu saa. Sasa kuna mmoja, kijana mzuri tu, tangu mwaka uanze nimemkuta mara nne. Wenzake wote wakitua wanachungulia nje, wanapiga picha. Yeye anashusha pazia la dirisha. Kofia anaivuta mpaka puani. Nikifika kufagia, anakoroma."

"Labda jua linamuumiza macho."

"Jua gani la masika, we mtoto? Na dirisha lenyewe ni la upande huu wa jengo letu. Huyo ana mwanamke hapa mjini. Mwanaume hafichi uso wake bure."

Emelyne alicheka mpaka akaegemea dekio.

"Maskini huyo mwanamke," alisema. "Sijui atakuwa Shanwe au wapi, anapika ugali, hana habari."

"Hana habari kabisa! Ningemjua ningemletea soda."

Ndege ikatokea chini ya wingu, ikayumba, ikanyooka, ikatua. Walioishia Mpanda walishuka mmoja mmoja, nyuso zimekauka. Mama mmoja alikuwa akijishika tumbo na kumwita Yesu. Lusia akampa Emelyne mfuko mkubwa mweusi.

"Mimi naanza nyuma, wewe anza mbele. Ukikuta mfuko wa karatasi umekunjwa, usiufungue. Pokea, kunja mara mbili, tia humu. Na usivute pumzi."

Mlangoni mhudumu wa ndege aliwapokea kwa uso wa mtu aliyeshindwa.

"Leo mtatusamehe," alisema. "Mawingu ya huku msituni yametupepeta kama mchele."

Ndani, harufu ilimpiga Emelyne usoni. Ilikuwa harufu ya chai ya maziwa iliyoingia na kutoka, imechanganyika na manukato ya viti. Sauti ya rubani ilikuwa bado inasikika, ikiwaomba radhi waliobaki: kutoka Tabora hadi Mpanda wameruka kilomita kama mia mbili na arobaini, kwa dakika arobaini na tisa, na zile nne za ziada zilikuwa za kukwepa mawingu. Emelyne alitabasamu chini chini. Dakika arobaini na tisa. Wakati huo yeye anakuwa hajamaliza hata kudeki ukumbi.

Akafika safu ya saba.

Pazia la dirisha lilikuwa limeshushwa.

Mwanaume aliyekaa pale alikuwa amejikunja, kofia imefunika uso, kidevu kinang'aa kwa jasho na kitu kingine. Kando yake alikaa bwana mnene mwenye koti, amejibana upande wa njia na leso puani. Mwanaume wa dirishani alinyoosha mkono bila kuinua kichwa.

"Dada, chukua hii," alisema kwa sauti iliyokauka. "Na uniletee maji."

Emelyne aliuchukua mfuko. Ulikuwa wa moto hata juu ya glavu, na chini ulikuwa umeanza kulowa. Ndipo alipoiona saa kwenye mkono ule. Saa yenye mkanda wa kijani. Aliinunua yeye mwenyewe Kashaulili, akachagua kijani kwa sababu Ezekia alisema anapenda kijani.

Moyo wake haukudunda kama wanavyosema. Ulikaa kimya, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa gizani.

"Pole, Ezekia," alisema.

Kofia ikainuka. Macho yale yale ya siku ya ndala, sasa mekundu, yamejaa machozi ya kutapika. Yalimtazama yeye. Yakautazama mfuko. Yakamgeukia bwana mwenye koti.

"Mnafahamiana?" bwana yule aliuliza nyuma ya leso.

Sekunde mbili. Emelyne alizihesabu. Mtu anaweza kusema mambo mengi kwa sekunde mbili. Anaweza kusema, huyu ni mchumba wangu. Anaweza hata kunyamaza.

"Hapana, bosi," Ezekia alijibu, akijifuta mdomo. "Yaani, namwona tu hapa. Ni dada wa usafi."

"Lo!" Lusia alipiga kelele kutoka safu za nyuma. "Bwana Pazia leo kaamka!"

Emelyne hakupiga kelele. Alikunja mdomo wa mfuko mara mbili, kama alivyofundishwa, akautia kwenye mfuko mweusi. Halafu akainama mbele ya Ezekia, karibu kabisa, mpaka pumzi yake chachu ikamgusa shavuni, akalishika pazia la dirisha na kulisukuma juu. Mwanga ukaingia. Nje lilionekana jengo la abiria, na pale mlangoni dekio lake limeegemea ukuta.

"Tazama nje, kaka," alisema. "Hapo panaitwa Mpanda."

*

Emelyne alikuwa amesimama kando ya pipa la takataka, nyuma ya ngazi ya ndege, akiufunga mfuko mweusi, aliposikia viatu vinakuja mbio. Ezekia alikuwa amemwomba mhudumu ashuke dakika tano apate hewa. Shati lake jeupe lilikuwa na doa la njano kifuani.

"Emelyne. Mpenzi. Nisikilize."

"Mara ya ngapi hii?"

"Ni dharura tu, bosi alisema ghafla..."

"Lusia amekuhesabu mara nne. Leo ya tano. Mara tano umekaa hapo nusu saa nzima, na mimi niko ndani ya jengo nafuta sakafu, nakutumia ujumbe nakuuliza umekula nini. Ulikuwa unanijibu ukiwa pale pale kwenye kiti?"

Ezekia aliangalia chini.

"Uliniandikia uko stoo," Emelyne alisema. "Jumatano ile ya mwezi wa pili. Ukaandika, nakuwaza. Ulikuwa unaniona dirishani?"

"Nilikuwa nakuona," alisema kwa sauti ndogo. "Ulivaa kitambaa chekundu. Ndiyo maana nilishusha pazia. Nilikuwa naumia."

Emelyne aliukaza mfuko mweusi fundo la pili.

"Chungu kimeiva leo," alisema. "Data amenipigia asubuhi. Bodaboda ziko nje ya geti, Katumba si mbali. Shuka. Unyonye mara moja tu, hata ukitema baadaye. Mimi nitasimama hapo mlangoni, na yote haya nitayasahau. Nakuambia kweli, nitayasahau."

Ezekia akaitazama saa yake ya kijani. Akaitazama ndege.

"Leo? Bosi yuko ndani, Emelyne. Ananipeleka makao makuu, anataka kunipa usimamizi."

"Bosi amekusikia ukisema hunijui."

"Ungetaka nisemeje? Umesimama na mfuko wa matapishi mbele yake!"

"Matapishi ya nani?"

Ezekia alijishika kiuno, akageuka huku na huku kama ng'ombe aliyefungiwa.

"Sikiliza. Wewe hujui vita ninayopigana. Baba yangu, mzee Nyanda, amesema ng'ombe wake hawaingii kwenye zizi la wakimbizi."

"Baba yangu ana cheti cha uraia kwenye fremu, ukutani, kando ya Bikira Maria. Mlipokuja na ng'ombe zenu kutoka kaskazini mlimkuta yuko hapa, analima. Nani mgeni wa nani?"

"Si mimi ninayesema! Baba ndiye anasema. Mimi nakupenda wewe. Sipendi chungu. Nilipouona ule mrija umetoka mdomoni kwa mzee, una mate, unang'aa..." Alifumba macho. "Nilishindwa. Nilisikia kinyaa. Ni dhambi?"

"Na tope la Kashaulili? Ulizamisha mkono mzima."

"Lile lilikuwa tope."

Emelyne alimtazama. Alikuwa bado mzuri, hilo ndilo lililomchukiza. Hata na doa lile, hata na kope zilizolowa.

Ezekia akasogea. Sauti ikarudi kuwa ile ya kwenye simu, ya usiku, ya pole pole.

"Njoo Tabora. Nitakukatia tiketi ya ndege hii hii. Nikipata usimamizi tunapanga nyumba ya vyumba viwili, tunafunga ndoa bomani, mimi na wewe na mashahidi wawili. Hakuna ng'ombe wala chungu. Baba yangu abaki na zizi lake, baba yako abaki na mrija wake. Mimi na wewe tu, Eme."

Eme. Hakuna mwingine aliyemwita hivyo. Na vile vyumba viwili alikuwa ameshavipanga kichwani zamani: kitanda hapa, jiko la gesi pale, pazia la maua. Wasichana wangapi wameolewa bila baba kuridhika, wakazaa, wazee wakalainika? Alifungua mdomo. Neno la ndiyo lilikuwa limeshafika kwenye ulimi.

"Ila ukija kule," Ezekia aliongeza haraka, "usiwaambie watu kwamba kwenu ni Katumba. Sema Kigoma. Inatosha."

Neno likarudi lilikotoka.

Ezekia hakuona. Alidhani ameshinda, alikuwa anatabasamu, mwanya ule ukionekana. Akanyoosha mkono kushika mkono wake, kama siku zote. Vidole vyake vilipokaribia aliiona glavu. Ilikuwa imelowa kwenye kiganja, na kipande cha chapati ya asubuhi kimeganda juu ya kidole gumba. Mkono wa Ezekia ulisimama hewani. Pua yake ikajikunja. Akaurudisha mkono nyuma na kuupangusa kwenye suruali, ingawa ulikuwa haujagusa kitu.

"Ni ya kwako," Emelyne alisema.

"Emelyne..."

"Imetoka tumboni kwako. Mimi nimeishika. Sikuifuta kwa leso, sikusema niko kwenye dozi. Wewe mwenyewe huwezi kuigusa."

"Unafanya jambo dogo kuwa kubwa."

"Nilidhani nitakuchukia kwa ajili ya mwanamke. Lusia aliniambia Bwana Pazia ana mwanamke hapa mjini. Nikamcheka huyo mwanamke." Alivua glavu moja, akaitupa kwenye pipa. Akavua ya pili. "Sasa nikikuangalia nasikia kichefuchefu. Si kwa ajili ya tapishi. Tapishi linaoshwa."

Juu ya ngazi bwana mwenye koti alichungulia.

"Ezekia! Tunafunga mlango, kijana! Unaaga nani?"

Ezekia aligeuka, akainua mkono. "Nakuja, bosi! Hakuna mtu!"

Kisha akamgeukia Emelyne, akanong'ona haraka haraka, na kwa jinsi ulimi wake ulivyozoea, hakusikia hata alichosema mwenyewe.

"Jumamosi nakuja. Nakuapia. Mwambie mzee anisubiri. Nitawahi treni ya Ijumaa."

Emelyne alimtazama. Halafu akaanza kucheka, kicheko kibaya kisicho na furaha hata punje, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Kwa machozi yale hakujua tena kama bado anacheka.

"Usije," alisema. "Masaa kumi na mbili. Utachoka."

Ezekia alipanda ngazi mbili mbili. Injini zikaanza kuvuma, vumbi na maji ya mvua yakaruka. Lusia alikuja akasimama kando ya Emelyne. Ndege ikageuka taratibu mbele ya jengo. Emelyne alihesabu madirisha kutoka mbele mpaka akalipata.

Pazia lilikuwa limeshushwa tena.

"Nilisema ningekuletea soda," Lusia alisema mwishowe.

"Sina kiu, dada Lusia. Niombee ruhusa. Nakwenda nyumbani."

*

Alinawa mikono kwa sabuni ya kufulia pale uwanjani. Alinawa tena Makanyagio aliposhuka kubadili nguo. Juu ya bodaboda, upepo wa barabara ya Katumba ukimpiga, alinusa vidole vyake, na harufu ilikuwa bado ipo. Au ilikuwa kichwani. Simu ilitetemeka mara saba. Mara ya nane aliizima.

Mzee Yohani alikuwa amekaa uani kwenye kigoda, chungu mbele yake kimefunikwa kwa jani la mgomba. Alipomwona binti yake siku ya kazi, saa nane mchana, na macho yake yamevimba, hakuuliza habari za kazi.

"Haji," mzee alisema.

"Haji, data."

"Amekwama Kaliua?"

"Alikuwa hapa. Alipita kwa ndege. Amepita mara tano."

Kuku alipita kati yao.

"Hiyo ndege, kutoka Tabora mpaka hapa, inachukua muda gani?"

"Leo imechelewa kidogo. Dakika arobaini na tisa."

Mzee aliizungusha hesabu hiyo mdomoni, kama mtu anayetafuna kitu asichokijua. Halafu akalifunua jani. Pombe ilikuwa na povu jekundu, inanuka mtama na moshi. Akachukua mrija, akainama, akanyonya kwa muda mrefu mpaka mashavu yakaingia ndani. Akautoa mdomoni. Ncha ilikuwa imelowa, na povu limening'inia kwenye ndevu zake chache.

Akampa Emelyne.

Mahali pale hakuwahi kukaa binti. Emelyne aliutazama mrija, akaitazama mikono yake.

"Nanuka, data. Nimenawa mara mbili, bado nanuka."

"Kunywa."

Alipiga magoti. Aliuweka mrija mdomoni kama ulivyo, na mate ya baba yake, na povu lake. Akanyonya. Pombe ilikuwa chachu na tamu, ikashuka kifuani ikisukuma kitu kilichokuwa kimekwama hapo tangu saa nne na robo. Alilia akiwa na mrija mdomoni, na mzee akamwacha alie, akimfukuzia nzi.

Baadaye alijifuta uso kwa kanga na kumrudishia mrija.

"Data. Nisimulie ile ya Mishamo."

"Si huwa unachelewa kazini?"

"Leo sichelewi. Mpaka mwisho."

Mzee akajiweka sawa kwenye kigoda chake.

"Nilitembea siku tatu," alianza. "Viatu vilikwisha siku ya pili. Nilipofika, miguu ilikuwa imevimba kama viazi. Babu yako hakunipa hata maji, akaniletea chungu. Yule mzee alikuwa hana jino hata moja mbele, na anatafuna tumbaku. Alinyonya, akautoa mrija, umelowa, mweusi, unavuta uzi. Akanipa. Ukoo mzima unanitazama."

"Ukafanyaje?"

"Nilikuwa na kiu," mzee Yohani alisema. "Na mama yako alikuwa amesimama mlangoni."